Tujadiliane Kistaarabu

Kama ulikuwa nasi Alhamisi iliyopita, ulisikia kipindi kinakatika katikati ya sentensi, halafu ukapigiwa taarabu mpaka saa tatu. Wengi mmeuliza kama umeme ulikatika. Umeme ulikuwepo. Kilichokatika ni mazungumzo, na leo nimeomba dakika hizi nikae peke yangu mbele ya kipaza sauti, nieleze yaliyotukuta.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja mwalimu mstaafu wa historia, umri wa babu, kofia ya viua kichwani, mfuko wa karatasi miguuni. Mwingine wakili, kijana, suti ya kijivu, simu mbili kazilaza kifudifudi mezani. Mada ilikuwa Waarabu na nchi za Magharibi, kwa nini hawasikilizani. Wakili alianza kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu wangu," mzee akaitikia marahaba, taa nyekundu ikawaka. Dakika ya tano alikuwa bado "Mwalimu". Dakika ya kumi akawa "mzee". Dakika ya kumi na tano nikasikia "wewe". Na kijana akishamwambia mzee "wewe" hewani, hapo hamna tena mjadala, mna ugomvi wenye wasikilizaji.

Nikaingilia kati. Nikasema maneno ambayo nimeyasema sijui mara ngapi katika kazi hii: "Jamani, tujadiliane kistaarabu."

Wakili akacheka kicheko kikavu. "Unaona? Hata mwendesha kipindi keshachagua upande. Kistaarabu! Kwa hiyo ili tuzungumze vizuri, kwanza tuwe Waarabu?"

Mzee akapiga meza, kikombe cha kahawa kikaruka. Fundi mitambo akanitazama kupitia kioo, nikampa ishara ya shingo, akaweka muziki.

Aibu hiyo nimelala nayo wiki nzima, maana wakili, pamoja na hasira zake, alisema kweli. Neno letu ustaarabu limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kufuata mwenendo wa Waarabu, kujigeuza Mwarabu. Kila tunapomsifu mtu kwamba ni mstaarabu tunarudia hukumu iliyopitishwa zamani hapa pwani, nani kaelimika na nani mshenzi. Hatuisikii tena, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani nyumbani kwake. Mgeni aliyekuja na usingizi wa mashaka ndiye inayemkeshesha.

Zamani nilikuwa nikiamini mijadala hii inavunjika kwa sababu watu hawajui historia. Alhamisi ile imenitoa katika imani hiyo. Wale wawili wanajua. Mwalimu ana tarehe nyingi kichwani kuliko kalenda ya ukutani, na wakili amesoma maazimio ya Umoja wa Mataifa kama mwingine anavyosoma ratiba ya ligi. Waligombania maneno ambayo kila mmoja aliyajua vizuri sana, kwa maana yake. Nilipofika nyumbani nikafungua vitabu, na nilichokikuta kimenikera zaidi ya ugomvi wenyewe. Maneno yale mengi hayakulegea kwa bahati mbaya. Yalilegezwa makusudi, na watu waliokuwa na haraka ya kupata saini.

Mwalimu ndiye aliyelitaja la kwanza, na ni neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi Tanzania analijua: wilaya.

Mwaka 1915 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, na Uingereza ilikuwa inawabembeleza Waarabu wawaasi Waturuki. Henry McMahon, Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Cairo, alikuwa akiandikiana barua na Sharifu Hussein wa Makka. Sharifu alitaka nchi huru ya Waarabu, na mipaka yake akaitaja. McMahon akajibu tarehe 24 Oktoba 1915. Kwa ufupi alisema hivi: uhuru wenu tutautambua, isipokuwa sehemu fulani, mojawapo ni ile iliyo magharibi mwa wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo.

Wilaya! Katika utawala wa Waturuki, wilaya lilikuwa jimbo kubwa lenye gavana wake. Lakini katika Kiarabu cha kawaida, wilaya yaweza kuwa mji na viunga vyake tu, kama sisi tunaposema Wilaya ya Temeke. Sasa fungua ramani. Weka kidole Damascus, kivute moja kwa moja kwenda magharibi. Utaingia baharini karibu na Saida, pwani ya Lebanon. Yerusalemu iko mbali kusini, kidole chako hata hakijaisogelea. Waarabu walisoma hivyo: tunachonyimwa ni pwani ya Lebanon, Palestina ni yetu.

Waingereza baadaye wakasema sivyo. Wilaya ya Damascus, wakasema, ni jimbo zima la Kituruki, linaloteremka ng'ambo ya mto Yordani mpaka kule Aqaba, na kwa kuwa Palestina iko magharibi mwa jimbo hilo, basi hamkuahidiwa. Ndiyo hoja iliyosimamiwa na Churchill katika waraka wa serikali wa mwaka 1922, akiwa waziri wa makoloni.

Hoja hiyo inapendeza mpaka umwulize anayeitoa: wilaya ya Homs ilikuwa wapi? Na ya Hama? Hazikuwepo. Waturuki hawakuwa na jimbo la Homs wala la Hama. Ilikuwa ni miji ndani ya jimbo lile lile la Damascus, lililoitwa Syria. Kwa hiyo katika sentensi moja, neno moja linabeba maana ya jimbo kwa mji wa kwanza, halafu kwa miji miwili inayofuata linakuwa halina maana kabisa. George Antonius, Mwarabu Mkristo mzaliwa wa Lebanon, alizichapa barua hizo kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1938 na tundu hilo akalionyesha peupe. Mwaka uliofuata kamati ya Waingereza na Waarabu ilikaa London kuipekua barua neno kwa neno. Ilikuwa imeshatimiza miaka ishirini na mitatu. Hawakuelewana.

McMahon mwenyewe alikuwa bado hai. Mwaka 1937 aliandika gazetini kwamba hakukusudia Palestina iwemo. Ungedhani mwandika barua akishasema alikusudia nini, kesi imekwisha. Lakini Sharifu hakuingia vitani kwa kusoma moyo wa McMahon, aliingia kwa kusoma barua.

Na kwa nini barua ilegezwe? Kwa sababu Uingereza ilikuwa na mchumba wa pili. Ufaransa nayo iliitaka Syria, na Mei 1916 mataifa hayo mawili yakagawana nchi za Waarabu kwa siri, mapatano yanayoitwa ya Sykes na Picot. Siri ilitoka Novemba 1917, Wabolsheviki walipoingia madarakani Urusi na kuzimwaga nyaraka za mfalme magazetini. Mwezi huo huo, tarehe 2, Waziri Balfour wa Uingereza alikuwa ameshawaahidi Wayahudi "makao ya taifa" huko Palestina. Makao, si dola. Neno ambalo sheria ya kimataifa haikuwa na maana yake, na lilichaguliwa kwa sababu hiyo. Katika tamko hilo Waarabu, waliokuwa wengi mno kuliko wote nchini, hawakutajwa hata kwa jina. Waliitwa jumuiya zisizo za Kiyahudi. Ni sawa na mtu akuandikie barua kuhusu nyumba yako akakuita "yule asiye mpangaji".

Toka barua ya McMahon mpaka tamko la Balfour ni miaka miwili na siku tisa. Sharifu, Mfaransa na Myahudi, kila mmoja alitoka na karatasi yake mkononi, na kila karatasi inasomeka kwa namna inayompendeza mwenye nayo. Ndiyo maana nasema anayeingia leo kwenye mjadala huu akidhani mwenzake ni mwongo, mara nyingi anakosea. Mwenzake ameshika karatasi nyingine.

Haya, tuje la wakili. Wakili alikuja na Azimio namba 242.

Juni 1967 Israel ilipigana siku sita na jirani zake, ikatwaa Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu ya mashariki, na milima ya Golan. Novemba 22 mwaka ule Baraza la Usalama likapitisha azimio, kura kumi na tano kati ya kumi na tano, si jambo la kila siku. Mwandishi wake mkuu alikuwa balozi wa Uingereza, Lord Caradon. Azimio linataka majeshi ya Israel yaondoke. Yaondoke wapi? Hapo ndipo penye kazi. Kiingereza kinasema, kwa tafsiri ya kubabaisha, maeneo yaliyotwaliwa, bila kile kijineno kidogo ambacho Waingereza hukitanguliza wanapotaka kusema "yale tunayoyajua sote". Kifaransa, lugha iliyosimama sawa na Kiingereza katika Baraza, kinacho kijineno hicho. Israel na marafiki zake wakashika Kiingereza: baadhi ya maeneo. Waarabu wakashika Kifaransa: maeneo yote, na tena wakaonyesha dibaji ya azimio lenyewe, inayosema ardhi haipatikani kwa vita. Kiarabu wakati ule kilikuwa bado si lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wenye ardhi waligombania lugha za watu wengine.

Msikilizaji, nimejaribu jioni mbili kuutafsiri ugomvi huo kwa Kiswahili. Hautafsiriki. "Majeshi yaondoke katika maeneo yaliyotwaliwa katika mapigano ya karibuni." Tayari. Kijineno hatuna, hatujawahi kuwa nacho, na hatujawahi kukikosa. Msikie mama yeyote sokoni ukimwambia, "Nirudishie vyombo ulivyochukua." Hatakuuliza habari za sarufi. Atakuuliza, "Vipi?" Yaani vyombo vipi, vingapi, hebu vitaje. Mwenye azimio naye angeulizwa, "Yepi?" Nalo ndilo swali ambalo mwaka 1967 watu wazima kumi na tano waliafikiana wasiulizane, kwa sababu kila mmoja alijua likiulizwa tu, kura zinapotea.

Siwalaumu sana, niseme ukweli. Kulikuwa na vita, maiti zilikuwa bado hazijasahaulika, na karatasi iliyolegea ilionekana bora kuliko kukosa karatasi. Sinai ilirudi Misri mwaka 1982, kwa hiyo huwezi kusema karatasi haikuzaa kitu. Lakini deni la kulegeza neno halilipwi na aliyelilegeza. Linalipwa na mwalimu mstaafu na wakili kijana katika studio ya redio, mmoja anasema "yote" na mwingine anasema "baadhi", na wote wawili wana azimio mkononi.

Kuna watu wataniambia haya ni mambo ya mabalozi, wasomi hawagombani hivyo. Wanagombana vibaya zaidi. Mwaka 1972 Bernard Lewis, mwanahistoria Mwingereza aliyehamia Marekani baadaye, aliandika makala juu ya fikra za mapinduzi katika Uislamu. Akaeleza neno la Kiarabu thawra, mapinduzi, kwamba mzizi wake ni kuinuka, kwa mfano ngamia anapoinuka. Edward Said, Mpalestina mzaliwa wa Yerusalemu, profesa New York, akamshukia katika kitabu chake cha 1978 kiitwacho Orientalism: kati ya mifano yote duniani, kwa nini ngamia? Kwa nini watu wakitaka uhuru uwafananishe na mnyama anayejikongoja kunyanyuka? Lewis akajibu mwaka 1982 katika jarida la New York kwamba yeye ametoa tu maana ya kamusi, kama wanavyofanya wenye lugha wenyewe. Majibizano yao hayakupoa mpaka Said anafariki mwaka 2003.

Nani alikuwa na haki? Hapo nitasimama na Said, ingawa katika mengine simfuati. Tuseme profesa mgeni anakuja Unguja, anasimama mbele ya watu waliopoteza wazazi, au waliopata ardhi, katika Mapinduzi ya Januari 1964, anaeleza: "Mapinduzi, kutokana na kupindua, kwa mfano kupindua chapati isiungue." Kamusi itamtetea. Hakusema uongo hata herufi moja. Na hatamaliza hotuba yake.

Hayo ni maneno yenyewe. Lakini kuna na majina ya wagomvi, Mwarabu na Magharibi, na hapa nitapita haraka maana mwenye macho anaona. Mpiga simu mmoja wiki ile alizungumzia "Waarabu wa Tehran". Wairani si Waarabu, ndugu yangu, wanasema Kiajemi, na ukimwita Mwajemi Mwarabu utakuwa umeanzisha mjadala mwingine. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliundwa Cairo mwaka 1945 na leo ina wanachama 22, wakiwemo majirani zetu wa Komoro, walioingia 1993. Sasa yule Mngazija anayeuza vitambaa mtaani kwenu, mkisema "Waarabu hawaaminiki", je, yumo? Na hilo neno Magharibi ni la Kiarabu. Moroko kwa Kiarabu chao ndiyo al-Maghrib, nchi ya machweo. Waarabu wanayo Magharibi yao, tena ya zamani.

Mwaka 1956 Rais Nasser wa Misri alipotaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa zilishirikiana na Israel kuivamia Misri, na aliyeibana Uingereza mpaka ikalegea ni Rais Eisenhower wa Marekani, kwa kuitishia sarafu yake. Magharibi ipi hiyo? Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, majeshi ya Misri na ya Syria yalikwenda kusimama upande wa Marekani. Waarabu wepi hao? Mwaka 2003 Ufaransa na Ujerumani ziliikataa vita ya Iraq mbele ya dunia nzima. Nikisikia mtu anasema "Magharibi inataka" au "Mwarabu anafikiri", siku hizi masikio yangu yanauliza lile swali la sokoni.

Lakini sijawaambia bado kilichomtoa wakili kwenye "mzee" hadi "wewe". Haikuwa wilaya wala 242. Mwalimu alikuwa anamalizia kusema nchi za Magharibi hazina haki ya kumfundisha yeyote utu, na wakili akamkata: "Na waliotuuza Mkunazini je? Walikuwa Wazungu?" Mwalimu akajibu palepale: "Na waliojaza meli za Amerika je?"

Na wewe je. Na ninyi je. Mjadala wa Waarabu na Magharibi ukifika Afrika Mashariki huishia hapo, na mimi naona ndipo unapokuwa mchafu kuliko kwingine kote, kwa sababu mtumwa mwenyewe anageuzwa jiwe la kumpigia mwenzako.

Mkunazini ni kweli. Soko la watumwa lilikuwepo pale Unguja, na kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali pake lipo mpaka leo. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash baada ya Waingereza kumtishia kumzuilia bandari. Halafu Waingereza hao hao wakaifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, na hali ya utumwa kisheria ikaachwa iendelee mpaka 1897. Miaka saba bendera yao inapepea. Hilo halisemwi sana kanisani.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ampatie watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo na jirani yake. Huyo Sultani wakati ule hakuwa chini ya Oman. Alikuwa mtu wa pwani, wa hapa hapa. Sasa mweke upande upi? Ukisema Mwarabu, Mwarabu atakataa. Ukisema Magharibi, hapana. Tumebaki sisi, na ndiyo sababu mkataba ule hauletwi mezani na upande wowote.

Au mchukue Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip. Mfanyabiashara wa pembe na watu, mzaliwa wa Unguja, Mwarabu kwa nasaba na mwenye damu ya Kiafrika, aliyeyaandika maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa ugavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara. Wakati Ulaya inahubiri vita dhidi ya Waarabu wauza watumwa, Mwarabu mkubwa kuliko wote katika biashara hiyo alikuwa kwenye orodha ya mishahara ya mfalme wa Ulaya. Mwalimu na wakili wangeweza kuitumia habari hiyo wote wawili, kila mmoja kumpiga mwenzake, na wote wangekuwa sahihi, na yule aliyebeba pembe kutoka Manyema hadi pwani asingetajwa.

Baada ya kipindi nilimkuta wakili kwenye ngazi. Hakuwa na hasira tena. Aliniambia bibi yake, mzaa mama, alikuwa akikataa kabisa kusimulia asili ya mama yake mwenyewe. Alisema tu, "Alikuja na njia." Njia ni njia ya misafara. Familia nzima haijui kabila la yule mama mpaka leo. Nikarudi ndani, nikamkuta Mwalimu anakusanya karatasi zake polepole, mikono inatetemeka kidogo. Babu yake alikuja na jahazi la kaskazi kutoka Sur, Oman, fukara, akauza dagaa. Mwaka 1964 familia ilipoteza watu, na yeye aliponea kwa jirani Mmakonde aliyemficha chini ya kitanda. "Mtu akisema Waarabu," aliniambia, "mimi nakiona kile kitanda."

Muda wote ule nilikuwa nimekaa kati ya watu hawa nikidhani wanazungumzia Cairo na London.

Basi nimewaomba warudi, na wote wamekubali, Alhamisi ijayo baada ya taarifa ya habari. Mwalimu ametoa sharti moja: kijana alete ramani kubwa, ile ya ukutani, si ya kwenye simu. Wakili naye ana lake: mtu akitaja jina la watu, Waarabu, Wazungu, Wayahudi, sisi, yeyote anaruhusiwa kumkatiza kwa neno moja, "Yepi?" au "Wepi?", na lazima ajibu kabla hajaendelea. Fundi mitambo amenunua kengele ndogo kwa ajili hiyo. Tutaona.

Kilichonibakia ni mimi. Nimeketi na karatasi ya maelekezo ya kipindi, ile ninayoisoma mwanzoni. Ilisema "tujadiliane kistaarabu", nimeifuta. Nikaandika "kiungwana", nikaona nimepatia. Halafu nikakumbuka muungwana ni nani: ni yule asiye mtumwa. Nikamwona wakili amekaa pale na bibi yake aliyekataa kusimulia alikotoka mama. Nimelifuta nalo. Hoja ni neno la Kiarabu, ajenda limetoka kwa Mwingereza, na meza tutakayoikalia jina lake alituachia Mreno. Usiku wa jana, karibu saa sita, nimeandika "polepole, mmoja mmoja", na mpaka sasa halijanisumbua. Mkisikia lina kasoro, nipigieni simu kabla ya Alhamisi.